Elfu Sita Tu

Mwaka wa 1988, katika Naitiri nzima, mtu mwenye kitabu cha cheki alikuwa mmoja, Eliakim Khaemba, na kama hukulijua hilo basi ulikuwa umehamia juzi. Alikibeba kwenye mfuko wa shati, na mfuko wenyewe aliushonesha mfupi ili kitabu kichungulie. Kanisani, sahani ya sadaka ilipomfikia, alikitoa kwanza, akakipekua polepole, akakirudisha, kisha ndipo akatafuta sarafu ya shilingi tano kwenye suruali. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha unga huko Kitale kwa miaka ishirini na miwili, na alipostaafu alirudi nyumbani na malipo yake na mwandiko wake. Mwandiko huo aliusifu mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejitolea. Herufi zake zilikuwa kubwa na za kulala, na kila neno lilikaa mbali na jirani yake kama watu waliokosana kwa ajili ya mpaka wa shamba.

Pesa zake zilikuwa benki, Kitale. Elfu sitini na nane. Nasema zake kwa sababu yeye ndivyo alivyosema, lakini nusu ilikuwa ya mahindi ya misimu miwili aliyolima mkewe, Dinah, huku mume akisimamia kazi akiwa ameketi kitini. Pesa hizo zilikuwa na shughuli moja. Mwana wao Bramwel alikuwa amechumbia msichana wa Kapsokwony, kule Mlima Elgon, aitwaye Chelimo, mwalimu wa nasari, na babake msichana, mzee Kipketer, alikuwa ametoa sharti moja. Binti yake hatakwenda kuolewa kwenye jiko la mama mkwe. Aonyeshwe shamba la vijana wenyewe kabla ya Pasaka, la sivyo hakuna ndoa.

Jirani yao mmoja alikuwa anauza ekari nne kwa elfu sitini. Elfu sita zingekwenda kwenye mahari pamoja na ng'ombe wanne, na elfu mbili zingebaki. Dinah alikuwa amezipanga hizo pesa kichwani kila alipokuwa akipalilia. Alimpenda Chelimo waziwazi, pengine kuliko alivyompenda Bramwel, na hapo sitamlaumu. Bramwel alikuwa na miaka ishirini na sita na mabega ya kubeba magunia mawili, lakini mbele ya babake hakuwa na sauti ya kutosha kufukuza kuku.

"Baba Bramwel, toa pesa mkononi," Dinah alimwambia mumewe siku moja kabla ya kupeleka mahari. "Watu wahesabu, wamalize."

"Nibebe elfu sita ndani ya soksi kama mchuuzi wa ng'ombe?" Eliakim alicheka. "Mimi ni mtu wa benki, mama."

 

Msemaji wao siku ya mahari alikuwa Absalom, mtoto wa baba mdogo wa Eliakim, mkaaji wa Bungoma mjini. Absalom aliwahi kufanya kazi benki miaka minne, kisha akaachishwa, na ukimwuliza sababu alisema, "Siasa." Kabla hawajaondoka nyumbani alikuwa ameshachukua mia mbili kwa Eliakim, ati ya mafuta, ingawa gari lilikuwa la mwalimu mkuu na mafuta yalikuwa yamelipwa. Hiyo ndiyo ilikuwa bei yake ya kila kitu. Akikusindikiza hospitali, mia mbili. Akikusomea barua, mia mbili. Watu walimcheka, wakalipa.

Kule Kapsokwony walipokelewa vizuri. Walikunywa chai ya maziwa matupu, wakaomba, wakabishana kuhusu ng'ombe mmoja mwenye pembe mbovu, wakapatana. Ikafika zamu ya pesa. Eliakim akasimama, akakohoa, akatoa kitabu. Alikuwa ameingoja dakika hiyo tangu mwanawe azaliwe.

"Peni," alisema, akanyoosha mkono bila kutazama, na Absalom akaweka peni yake nyeusi hapo mkononi upesi.

Mzee Kipketer hakuwa na akaunti popote. Absalom alikuwa ameshalifikiria hilo. "Andika jina langu," alisema. "Mzee akae na cheki yake kwanza, apate heshima yake. Jumatatu nitapita niichukue, niipitishe kwa akaunti yangu ya Bungoma, nimletee pesa taslimu hapa." Wazee wakakubali. Mtu aliyefanya kazi benki, wangemkatalia vipi?

Eliakim akaandika kwa Kiingereza, jinsi alivyofundishwa stoo, elfu sita, na mwishoni akaweka neno *only*, yaani tu, kisha akavuta mstari uliojaza nafasi kati ya maneno na kwenda hadi ukingoni. Neno hilo na mstari huo havina ubaya wowote. Ni kufuli. Vinawekwa ili mtu mwingine asiongeze kitu kwenye kiasi. Absalom alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Lakini alichukua cheki, akaiinua juu, akawasomea watu kwa Kiswahili kizito, akilitua lile neno la mwisho chini peke yake.

"Shilingi elfu sita... tu."

Jeruto, dada yake Kipketer, mama mmoja mfupi aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi, akaweka kikombe chini.

"Ati tu?"

"Ndivyo imeandikwa, mama," alisema Absalom kwa masikitiko.

"Huyu mtoto tumesomesha mpaka akakuwa mwalimu. Leo anaandikiwa tu? Ni kuku?"

"Si matusi, shangazi," Chelimo alisema kutoka mlangoni. "Kwa cheki huwa wana..."

"Wewe nyamaza, ni bei yako inasemwa."

"Na hii mstari nayo?" aliuliza Kipketer, akiweka kidole juu ya karatasi. "Hii ni ya nini?"

Absalom akamwinamia Eliakim sikioni, lakini kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Ndugu yangu, hawa wataona umewafungia mlango. Mahari huwa haifungwi, si unajua? Andika ingine. Toa hiyo tu, toa na mstali. Karatasi ni zako, bana."

Karatasi ni zako! Maneno hayo yalimwingia Eliakim mwilini. Aliichana ile cheki ya kwanza vipande vinne mbele ya watu, kwa madaha, akaonyesha kwamba anazo nyingine. Akaandika ya pili kwa mwandiko wake ule wa kutanuka, *six* ikakaa huku na *thousand* kule, kati yao peupe na baada ya hapo peupe. Kwenye kisanduku cha tarakimu aliweka sita yake nono, akaruka, akaweka sufuri tatu.

Dinah alikuwa ameketi nyuma na akina mama. Kwenye kikundi chao cha kuuza maharagwe Myanga, katibu wao hakufunga daftari bila kupiga mstari baada ya kila kiasi, na walikuwa wameshamfukuza mweka hazina mmoja kwa sababu ya nafasi iliyoachwa. Akasimama, jambo ambalo mama wa bwana harusi hafanyi.

"Baba Bramwel, piga mstali. Mstali si tusi. Waelezee tu."

Eliakim alitabasamu kwa wakwe zake, tabasamu la mtu anayewaomba wengine wamvumilie mkewe. "Mama, hii si mambo ya maharagwe."

Watu wakacheka, na Absalom alicheka kuliko wote. Dinah akaketi. Cheki ikakabidhiwa mzee Kipketer kwa mikono miwili. Kabla ya kuondoka, Eliakim alimwambia Absalom, na wengine wakisikia, kwamba elfu sita si kitu, maana huko Kitale kuna elfu sitini na nane zinalala.

 

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Eliakim na Bramwel walikwenda Kitale na yule jirani mwenye shamba. Jirani aliachwa kwenye baraza ya benki. Eliakim alimwambia angoje kidogo tu, atatoka na bahasha.

Karani wa dirishani, msichana aitwaye Sellah, alitazama leja, akamtazama Eliakim, akatazama leja tena.

"Mzee, hapa kuna elfu saba na mia tisa."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia, mzee."

"Wewe ni mtoto wa juzi. Niitie mkubwa wako."

Mkubwa alikuwa mtu mwenye kucha safi na tai iliyoazima rangi kwenye pazia la ofisi. Hakuinuka. Alitafuta faili, akatoa cheki moja iliyokwisha kulipwa, akaiweka mezani na kuigeuza ielekee wageni.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na mwandiko?"

Eliakim akainama. Ilikuwa cheki yake ya Kapsokwony. Lakini ile *six* ilikuwa imeota mkia wa herufi mbili ikawa *sixty*, na kwenye kisanduku ile sita nono ilikuwa imepata sufuri ya kuilalia ubavuni. Elfu sitini. Wino ulikuwa ule ule mweusi.

"Mimi niliandika sita."

"Hapa ni sitini."

"Wameongeza!"

"Wameongeza wapi, mzee? Wamejaza." Yule bwana alionekana kustarehe sasa. "Hapa uliacha nafasi ya ng'ombe kugeuka. *Only* iko wapi? Mstari uko wapi? Ndani ya jalada la kitabu chako tumeandika yote, Kiingereza na Kiswahili. Uliwahi kusoma?"

Eliakim alikuwa amekitembeza kitabu kile miaka mitatu na hakuwahi kusoma jalada lake. Alilipangusa tu vumbi.

"Benki inalipa inachoambiwa kulipa," mkubwa alisema. "Kama umeibiwa, nenda polisi. Funga mlango ukitoka, kuna vumbi."

Na hakuna hata mmoja katika benki ile, pamoja na tai zao, aliyejiuliza ni lini mzee wa Naitiri aliwahi kuandika cheki ya elfu sitini. Walimwona mtu wa viatu vya plastiki, wakamaliza kazi.

Pale barazani jirani alisikiliza hadithi yote akichokonoa meno. "Pole," alisema. "Sasa mimi kuna mtu wa Kiminini ananingoja na pesa mkononi. Siwezi kumpoteza." Akaenda zake siku hiyo hiyo kumtafuta.

 

Absalom aliwapokea Bungoma kwa mikono miwili. Sebuleni mwake mlikuwa na viti vipya, bado vikiwa na nailoni yake, na mtu akikaa vinalia. Akatuma soda. Eliakim akalia kwenye kiti, kiti nacho kikalia chini yake, akaeleza.

Absalom alishika kichwa. "Sitini? Ndugu yangu, mimi nilipochukua ile cheki Jumatatu, ilikuwa imeandikwa sitini. Nikasema, ah, kumbe wameongea upya bila mimi. Ikaingia kwa akaunti, nikawapelekea yote. Hata mia sikugusa, Mungu ananiona."

"Walikaa nayo siku ngapi?"

"Mbili. Siku mbili nzima. Na wewe si unawajua watu wa mlimani?"

Eliakim hakuwajua watu wa mlimani. Alikuwa amekunywa chai yao mara tatu. Lakini neno lile alilipokea mara moja, kwa sababu lilimfaa. Kuibiwa na ndugu aliyemwamini mbele ya watu kungemfanya mjinga. Kuibiwa na watu wa mbali kulimfanya mtu mwema aliyeonewa, na kati ya hayo mawili alichagua bila kupoteza dakika. Akamaliza soda yake, akapewa ya pili, akainywa nayo.

Bramwel alikuwa akikitazama kile kiti. Walipotoka nje alisema, "Baba, peni ilikuwa ya baba mdogo."

"Peni gani?"

"Ile uliandika nayo. Alirudi nayo."

"Kwa hivyo damu yangu iniibie? Nyamaza."

Bramwel akanyamaza. Ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote.

 

Walipanda Kapsokwony Jumamosi, wote watatu, kwa miguu kutoka mwisho wa barabara ya gari. Dinah hakualikwa, alijialika. Njia nzima alisema jambo moja.

"Uliza kwanza. Usitukane, uliza."

Eliakim hakuuliza. Alimkuta mzee Kipketer akipanga vitunguu kwenye gunia nje ya nyumba, Jeruto akiwa pembeni, na Chelimo akitia alama madaftari ya watoto juu ya kigoda. Alikataa kiti.

"Mlikataa neno, mkakataa mstali," alisema kwa sauti ambayo majirani walitoka nje kuisikiliza. "Kumbe mlitaka nafasi ya kuiba! Elfu sita mmeigeuza sitini. Rudisheni pesa yangu. Kama mnauza msichana kwa bei hiyo mngesema mapema."

Chelimo aliweka kalamu chini. Dinah alifunika uso kwa leso.

Kipketer alijiinua taratibu, akapangusa udongo mikononi. "Sitini gani?" aliuliza. "Mimi benki hata mlango wake sijui unafunguka ndani ama nje."

"Absalom alikuletea elfu sitini!"

Mzee aliacha vitunguu. Aliingia ndani, akakawia kidogo, akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Akampa binti yake. "Hesabu, wasikie."

Chelimo akahesabu noti moja moja juu ya daftari, kwa sauti ile ile ya kuwahesabia watoto. Elfu tano na mia nane.

"Ndiyo hiyo jamaa yako alileta," Kipketer alisema. "Hatujatumia hata shilingi. Mia mbili alisema benki ilikula."

Mia mbili. Eliakim aliposikia hiyo mia mbili alijua, na Dinah alijua, na hata Bramwel aliinua kichwa. Mtu ameiba elfu hamsini na nne halafu akarudi kukata mia mbili ya mzee wa vitunguu, kwa sababu mkono wake haukuwa na njia nyingine ya kutembea. Hakuna ushahidi uliotakiwa zaidi ya huo. Dinah aliketi chini palepale kwenye udongo.

Wakati ulikuwepo bado. Mtu mwingine angepiga magoti, na nadhani wangemwinua. Eliakim alirekebisha kitabu mfukoni.

"Basi, mzee, kumbe tumekosea kidogo," alisema.

"Kidogo?" Jeruto aliuliza.

"Mambo ya benki, mama. Ni magumu. Hata walimu yanawashinda..."

"Shamba iko?" Kipketer alimkatiza.

Eliakim alitazama vitunguu.

"Nimekuuliza shamba ya watoto. Iko?"

"Haiko," alijibu Dinah kutoka chini. "Imeuzwa jana, baba. Tusamehe. Mimi nalima, nitalima tena, tupe mwaka mmoja."

"Wewe sina neno na wewe, mama," Kipketer alisema, na alisema kwa upole. "Lakini huyu amekuja kwangu akaniita mwizi, na mtoto wangu akamwita bei, watu wakisikia. Nikimpa huyu msichana, kesho kikipotea kijiko kwake atamwita nani?" Akageuka kwa dada yake. "Nipe mia mbili."

Jeruto alifungua fundo la kanga kiunoni na kutoa noti mbili. Kipketer akaziweka juu ya zile nyingine, akasawazisha ncha. "Sasa ni sita kamili. Ng'ombe wako watateremka kesho. Andika risiti."

"Risiti ya nini, mzee? Sisi ni wakwe..."

"Andika. Na ule mwandiko wako."

Chelimo alichana ukurasa wa daftari, akampa na kalamu yake nyekundu ya kutia alama. Eliakim akaandika akiwa ameinama juu ya kigoda, na majirani wakatazama. Kwa mara ya kwanza herufi zake zilikuwa ndogo.

"Soma," Kipketer alimwambia binti yake.

"Nimepokea kutoka kwa mzee Kipketer shilingi elfu sita."

"Hapo mwisho kuna nafasi?"

"Iko, baba."

"Basi aweke ile neno. Ile dada yangu alikataa."

Eliakim aliinua macho, akamtafuta mtu wa kumcheka Dinah pamoja naye, hakumpata. Akaliandika lile *tu*. Bila kuambiwa akavuta mstari, ukaenda sawasawa mpaka ukingo wa karatasi, mstari mzuri kabisa. Chelimo akaichukua risiti, akaisoma tena kwa sauti, polepole, ili shangazi yake asikie.

"Shilingi elfu sita tu."

Akaikunja, akampa babake. Kisha akamwendea Dinah, akamshika mikono miwili, akamwinua na kumpangusa udongo kwenye gauni, mgongoni na pembeni, bila haraka. Bramwel alipiga hatua moja mbele. Ndipo sauti yake ikatoka, siku hiyo, saa hiyo.

"Chelimo," alisema. "Mimi nilijua ni peni ya baba mdogo. Nilitaka kusema."

Chelimo alimtazama kama anavyotazama mtoto aliyeleta jibu baada ya madaftari kukusanywa.

"Mstari umeshapigwa," alisema, akarudi kwenye kigoda chake.